Msinyoe Kinamasi cha Shimo la Saba

Kitu kitakachowaponza kwanza katika kazi hii ni mikono yenu wenyewe. Si mashine, si nyoka, si mpira wa gofu kukuangukia kisogoni, ingawa huo nao nimeupata mara nyingi mpaka kichwa changu kingeweza kuwa na bendera yake. Ni mikono. Ninyi mlioajiriwa juzi pale uwanjani, najua mmetoka wapi. Mmetoka kwenye chai. Mama zenu walichuma mkiwa mgongoni, na mlishika ule ufito wa kupimia meza ya chai, yaani usawa wa juu wa vichaka, kabla hamjashika kalamu. Mkono wa mtu wa chai ukiona tawi moja limeota juu kuliko mwenzake, hautulii. Unawasha.

Nawaandikia kwa sababu ya mwasho huo, na kwa sababu ya yule mzee mnayemwona kila Jumamosi chini ya ua wa waya wa uwanja, ameinama kwenye chemchemi, anatoa majani kwa vidole. Nimesikia mnamcheka. Mmoja wenu amempa jina la Mwosha Vyombo. Msimcheke. Anaitwa Chepkwony, na alikuwa hodari kuliko ninyi nyote mkifungwa pamoja kama kuni.

Mimi ni Koech. Nimetunza nyasi ya uwanja ule tangu nikiwa kijana mwembamba wa kupita kwenye tundu la ua, mpaka nikastaafu na tumbo la heshima. Nyasi niliyokata, ukiitandaza, itafika Kisumu, itarudi kwa njia ya Chepilat, na itabaki ya kushibisha ng'ombe wa Bomet nzima. Shule yangu ni ya ngumbaru. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu, nimeketi dawati moja na mama muuza mandazi ambaye alinipita kwenye hesabu na hajawahi kuniruhusu nisahau. Basi mkiona nimeongeza chumvi mahali, ondoeni mle kilichobaki. Lakini nikifika kwa kogo Taprandich, sitaongeza chochote. Pale pana chumvi ya kutosha.

Shimo la saba ndilo la chini kabisa. Uwanja wote unateremkia huko kama unaenda kunywa maji. Zamani, kabla sijaajiriwa, palikuwa kinamasi. Waliojenga uwanja walichimba mtaro katikati yake, maji yakakimbizwa kijitoni, na ukingoni wakapanda mikaratusi, hizi blugamu zetu, ili zinywe kilichobaki. Zikanywa. Blugamu moja inakunywa kuliko wakwe siku ya harusi. Sisi vibarua kazi yetu ilikuwa kusafisha ule mtaro kila mwaka usije ukaziba, na tuliusafisha vizuri mno. Maji ya mvua yalikuwa yanapita mbio, hayapati hata nafasi ya kusalimia.

Chini ya ua, upande huo huo wa mteremko, ndipo alipoishi kogo Taprandich. Kogo ni nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa kila mtu, hata wa wazee waliomzidi umri. Alikuwa na chai kidogo, ng'ombe wawili, kaburi la mume wake kando ya migomba, na chemchemi. Chemchemi ilitoka chini ya jiwe, pale ukingo wa kilima unapoishia. Nilipoanza kazi, akina mama walikuwa wanapanga foleni ya mitungi asubuhi na kusengenya mpaka jua likawaka. Miaka ilivyokwenda foleni ikafupika. Ikabaki mtungi wake mmoja, anautega jioni aukute umejaa asubuhi. Mwishowe hata huo haukujaa.

Alikuwa na mzaha wake wa kuniita kutoka kwenye ua.

"Arap Koech! Bado unachunga nyasi?"

"Bado, kogo."

"Na ng'ombe wanafika lini?"

"Hakuna ng'ombe, kogo. Ni ya mpira."

"Nyasi yote hiyo!" Alikuwa anashika kichwa kwa mikono miwili, kila mara, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia. "Na hao watu, kwao wanajua wako hapa?"

Mwanawe, Wesley, alikuwa na kazi Kipkelion. Siku moja alikuja bila kusema, akamkuta mama yake anapanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wesley aliketi chini palepale njiani na suruali yake ya kazini. Halafu wakaanza kubishana, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ua na slasha yangu, nikijifanya kiziwi.

"Mama, twende kwangu. Mfereji uko mpaka jikoni."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba hanywi maji, mama. Wewe unakunywa."

Walibishana mpaka wakachoka, wakakubaliana hivi: mvua kubwa ya mwaka unaofuata ikiisha na chemchemi haijarudi, Wesley atamhamisha na shamba litauzwa. Kogo alimsindikiza, akarudi, akaja moja kwa moja kwenye ua. Siku hiyo hakuuliza habari ya ng'ombe.

"Arap Koech, nyinyi ndio mko juu. Niangalilie maji yangu yamekwama wapi."

Bahati, au sijui niite nini, mwaka huo huo klabu ilikuwa na shida yake. Pampu ya kunyweshea grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, ilikuwa inavuta tope kila kiangazi, na watu wa mazingira walikuwa wamekuja wakasema blugamu ziondoke ukingoni. Klabu ikatoa amri: rudisheni kinamasi, kishike maji ya kiangazi. Wengi wetu tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulikuwa tumelipwa maisha yetu yote tukikausha mahali pale, sasa tutalipwa tupaloweshe! Aliyenyamaza ni mmoja, Ouma, fundi wa pampu.

Ouma alizaliwa kando ya ziwa. Alikuja huku kama kijana wa kiwanda cha chai, akahamia uwanjani, na baridi yetu hakuizoea hata siku moja. Alikuwa anavaa koti mbili mwezi wa Januari. Mimi aliniita japuonj, yaani mwalimu, tangu siku niliyoingia ngumbaru, na hakuwa ananisifu.

"Japuonj," aliniambia, tumesimama kwenye mtaro, "hii maji mmeifukuza kama mwizi. Sasa mnataka irudi, na barabara ya kukimbilia bado iko wazi."

Hayo niliyojifunza kwake nawapa bure, maana kwenye ngumbaru hayakuwepo.

Blugamu ya ukingoni usiing'oe kisiki. Mizizi yake ndiyo imeshika udongo. Ukiing'oa, ukingo mzima utaifuata. Ikate chini kabisa, ufunike kisiki kwa udongo na nyasi, kisha urudi kila baada ya muda uvunje machipukizi yangali laini. Itajaribu kufufuka. Mimi nimeona kisiki kimechipua baada ya kufunikwa, kuchomwa na kutukanwa na kamati nzima. Uvunje tu. Mwishowe hukata tamaa.

Mtaro usiuzibe kwa ukuta mmoja mkubwa huko chini. Huko ndiko vibarua wote hutaka kuanzia, kwa sababu ndiko maji yanaonekana. Anzia juu. Weka kizuizi kidogo cha mbao na magunia ya udongo, shuka hatua kadhaa uweke kingine, na kingine, kama ngazi. Kila kimoja kibebe maji kidogo. Kimoja kikibeba yote, siku kikienda kitakwenda na yote.

Na mpaka wa mashine. Kutoka kwenye kijito na kinamasi, acha upana wa kutosha trekta kugeuka, halafu uache tena upana kama huo. Hapo hapakatwi, hapawekwi mbolea, na nyasi iliyokatwa haimwagwi hapo hata kama bosi haangalii. Mbolea ya grini ikiingia majini, maji yanavaa sweta la kijani na samaki wanakufa wakiwa wameshiba.

Kisha mafunjo. Si yale ya ziwani yanayomficha mtu na ng'ombe wake. Ya huku juu yanafika kifuani tu, na Ouma aliyadharau sana. "Hii ni mtoto wa mafunjo," alisema. "Bado inanyonya." Lakini aliyapanda kama anamlaza mtoto kweli. Tuliyatoa bondeni kando ya mto, kila shina na donge la tope lake, tukayabeba kwenye magunia yaliyolowa, na tukayapanda mvua zilipoanza, maji yakiwa hayajapita kifundo cha mguu. Yakiwa mengi zaidi yanaelea, yakiwa kidogo yanakauka. Ouma alikuwa anapita nyuma yetu peku, anakandamiza kila shina kwa kisigino, anatukana baridi kwa Kijaluo.

Kikosi chetu cha kupanda kiliongozwa na Chepkwony. Sasa mnisikilize vizuri juu ya huyu. Chepkwony kabla ya kuja uwanjani alikuwa nyapara wa kupogoa kwenye shamba kubwa la chai. Watu walikuwa wanaletwa kutoka mashamba mengine kuangalia kazi yake tu. Akishapogoa, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya kichaka na kisimwagike, na kichaka cha mia baada ya hapo ungeweka kikombe kingine na vyote viwili vikaonana macho kwa macho. Hapo sijaongeza chumvi, au nimeongeza kidogo. Alikuwa mpole, hakunywa, na alimpenda kogo Taprandich kwa sababu alifanana na mama yake marehemu. Jioni akitoka kazini alikuwa anapitia kwake kumkatia ng'ombe majani. Habari ya Wesley na Kipkelion aliijua kama sisi sote, na ilimnyima usingizi kuliko sisi sote.

Mwaka ule ukapita. Kiangazi kilipokuja tulidhani mafunjo yatakufa, hayakufa. Mashina yakaongezeka, vyura wakaja kutoka sijui wapi, wakawa wanapiga kelele mpaka wacheza gofu wakakosea mapigo yao na kusingizia vyura. Mipira ikaanza kupotea humo. Kuna bwana mmoja alipoteza mpira, akaingia kuutafuta, akapoteza kiatu, akarudi kwa kiatu, akapoteza cha pili. Mvua kubwa zilipoanza tena, kinamasi kilikuwa kimeloa kama sponji na maji hayakukimbia.

Halafu asubuhi moja kogo alikuja kwenye ua akiwa na bakuli la bati. Alilipitisha katikati ya waya. Ndani mlikuwa na maji, si mengi, yenye chembe moja ya jani. Nilikunywa, nikampa Ouma, Ouma akampa Chepkwony. Chepkwony akaitoa ile chembe ya jani kwa kidole.

"Inatoka?" akauliza.

"Inatoka kama mtoto anayejifunza kutembea," kogo akasema. "Inasimama, inaanguka. Lakini inatoka."

"Wesley ameambiwa?"

"Wesley ataona kwa macho yake. Mvua haijaisha."

Ningependa niwaachie hapo. Mzee akistaafu anastahili kuchagua mahali pa kukomea. Lakini basi mngeendelea kumcheka yule mzee wa Jumamosi.

Mvua ilikuwa bado inanyesha ilipokaribia siku ya mashindano makubwa ya klabu. Ouma alikuwa kwao, kwenye mazishi ya kaka yake. Wageni wangetoka mbali, na kamati ilipita kukagua uwanja. Walipofika shimo la saba mmoja wao akasema pale chini pamekuwa kama kichwa kisichochanwa. Hakusema pakatwe. Alisema hivyo tu, akaenda zake. Lakini neno lile lilimchoma Chepkwony. Ile ilikuwa kazi yake, tena ya mikono yake, na mtu alikuwa ameiona chafu.

Siku iliyofuata alichukua kikosi chake. Wote watu wa chai. Walikata ufito mrefu, wakaulaza juu ya mafunjo, wakapima usawa, wakaanza. Hawakung'oa hata shina moja, waliyapenda. Waliyapogoa tu, chini, karibu na maji, kama chai inavyopogolewa ili ichipue kwa nguvu. Walipomaliza, kinamasi kilikuwa meza. Meza ya kijani iliyonyooka kuanzia mtaro hadi kwenye ua, na maji yanang'aa katikati. Tulikuja kutazama. Nitawaambia ukweli, vijana: sote tulisimama tukasifu. Kogo mwenyewe alitazama kutoka kwenye ua akasema, "Chepkwony, wewe hata mvua ungeinyoosha." Wageni walipiga picha.

Ouma alirudi baada ya mashindano. Alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya kaka yake. Alisimama ukingoni na koti zake mbili, hakusalimia mtu.

"Nani amenyoa huyu?"

Chepkwony akatabasamu. Alidhani anasifiwa. "Ni mimi na vijana, mzee. Itachipua vizuri."

"Mmemnyoa kama mfiwa," Ouma akasema. "Chepkwony, ndugu yangu, hii si chai. Hii inapumua kwa shina. Ukikata chini, mvua ikipandisha maji juu ya kisiki, itapumua na nini?"

Hilo ndilo la kujua, na ninalirudia kwa sababu hakuna mtu wa chai atakayelikisia. Mmea wa nchi kavu ukikatwa, unalala na kuamka. Mafunjo mizizi yake iko ndani ya tope lisilo na hewa, na hewa inashuka kutoka juu kupitia shina, kama mtu aliyezama anayevuta pumzi kwa bua. Ukikata bua chini ya maji, umemzamisha. Kwa macho utaona kijani siku chache. Kisha utasikia harufu.

Tuliisikia. Maji yalipanda, yakafunika visiki, na baada ya wiki kadhaa kinamasi kikaanza kunuka yai bovu. Chepkwony alikuwa anaingia kila asubuhi kabla ya kazi, anavuta shina moja, linatoka bila kushikilia, jeusi chini. Anavuta jingine. Tulijaribu kuleta mengine kutoka mtoni, lakini maji yalikuwa yameshazidi kifundo, na yalielea. Mizizi iliyokuwa imeshika vizuizi vya mtaro ikaoza, na udongo wa magunia ukabaki umesimama kwa mazoea tu.

Mnajua mvua yetu ya mawe. Ilikuja mchana, baada ya lile joto la kunata. Ilipiga chai ikaiacha mifupa mitupu. Mawe yakashuka mteremko mzima wa uwanja, yakajazana kwenye kizuizi cha juu kabisa kama watu wanaogombea mlango. Nilikuwa nimejikinga chini ya kibanda cha wachezaji, Ouma kando yangu. Tuliona kizuizi cha kwanza kinaegemea, kisha kimelala. Cha pili hakikungoja. Ouma alisema neno moja la kwao ambalo sikuuliza maana yake. Tope jeusi la miaka yote, pamoja na mafunjo yaliyooza, likapita chini ya ua likaingia kwa kogo.

Mvua ilipokatika tulimkuta amesimama pale palipokuwa na jiwe lake. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na rundo la tope, na ukingo juu yake umebonyea, umekatika chini kama mkate ulioumwa.

"Kogo, tutakuja Jumatatu na kikosi chote," nikamwambia. "Tutafukua. Usiguse. Ule ukingo si mzuri."

"Jumatatu Wesley atakuwa ameshafika," akasema. "Anakuja Jumamosi. Mvua imeisha, arap Koech. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi."

"Tutamweleza."

"Utamweleza Wesley nini? Yeye anataka kuona maji."

Jumamosi asubuhi kogo alichukua jembe la mpini mfupi na beseni la kufulia. Alikuwa ameshafukua mpaka akalifikia jiwe. Hilo tuliliona baadaye. Chepkwony alikuwa amekuja mapema kumkatia ng'ombe majani. Alisikia kishindo cha ukingo, si kikubwa, anasema kama gunia limeshushwa. Alikimbia. Alichimba kwa mikono, kwa sababu aliogopa kutumia panga lililokuwa mkononi. Mimi nilipofika nilimkuta amemtoa mpaka kiunoni, anamfuta tope mdomoni kwa kola ya shati lake, anamwambia, "Mama, pumua. Pumua, mama." Hakumwita kogo. Alimwita mama.

Alikuwa bado anapumua tulipompakia kwenye pikapu ya klabu. Hatukufika naye hospitali.

Wesley alikuta watu wameshajaa. Tulimzika mama yake kando ya mume wake, kwenye migomba, na jembe lile fupi sijui nani alilichukua. Siku ya mazishi Chepkwony alifika amenyoa kichwa, kama mtu wa nyumba hiyo. Si mtu wa nyumba hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Ouma alimwona, akavua kofia, na vile vichwa viwili vitupu vikakaa benchi moja mpaka mwisho.

Wesley hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinifuata kwenye ua jioni.

"Mzee Koech, walisema yalikuwa yamerudi."

"Yalikuwa yamerudi. Mimi mwenyewe nilikunywa."

"Kwa nini yale majani yalikatwa?"

"Palionekana pazuri," nikasema.

"Pazuri kwa nani?"

Nilipita mtihani wa Kiswahili wa ngumbaru, tena vizuri, mwalimu alisoma insha yangu darasani. Nikainama kuokota nyasi iliyonasa kwenye waya. Ng'ombe waliuzwa wiki hiyo. Shamba lilichukua muda, lakini nalo liliuzwa.

Tulipanda upya. Kamati safari hii haikusema chochote kuhusu vichwa na vitana. Vizuizi vikajengwa upya kutoka juu, mafunjo yakabebwa tena kwenye magunia. Chepkwony alipanda sehemu kubwa peke yake, akikandamiza kila shina kwa kisigino kama alivyoonyeshwa, na hakuna mtu wa kikosi chake aliyeruhusiwa kuingia humo na kitu chenye makali. Ouma alipostaafu akarudi ziwani kwenye joto lake. Hunipigia simu. "Japuonj, hawa watoto wanaendelea?" Hamaanishi watoto wangu.

Wanaendelea. Mmewaona. Mafunjo yanafika kifuani na yamejaa ndege, na mipira iliyomo ndani ingetosha kujenga nyumba. Msimu ujao wa mashindano mtu atapita, atatazama, atasema pamekuwa kama kichwa kisichochanwa. Hatasema pakatwe. Mkono wako utawasha. Hapo utie mikono mfukoni, uende ukatazame chini ya ua.

Nenda Jumamosi. Chemchemi inatoka sasa bila kusimama, inajaza mtungi mtu akiwa hajamaliza kusalimia. Mwenye shamba mpya ana tangi la maji ya mvua, na nyumba ya kogo ina kufuli. Njia ya kushuka pale imeota nyasi, isipokuwa mstari mmoja mwembamba, na mstari huo ni wa Chepkwony. Nilikwenda naye juma lililopita. Alitoa majani kwa vidole, akalisugua jiwe. Kisha mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe juu ya mafunjo yaliyopita chini ya waya, ukapita polepole, ukipima usawa, kana kwamba umeshika ufito. Akautazama. Akaurudisha mfukoni.

Halafu alijaza mtungi mdogo wa njano mpaka shingoni, akausimamisha, akatazama juu kwenye ule mlango wenye kufuli. Kisha akauinamisha, akayamwaga maji palepale yalipotoka, taratibu, asitibue tope.